Waheshimiwa Madiwani, Chumba cha Upasuaji Bado Kimefungwa

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani wote, na hasa wajumbe wa Kamati ya Elimu, Afya na Maji

 

Nawaandikia wakati rasimu ya bajeti ingali mezani kwenu na bado inaweza kufutwa na kuandikwa upya. Ombi langu ni moja. Kabla fedha nyingine haijaenda kwenye jengo jipya la afya, chumba cha upasuaji cha kituo chetu cha afya kianze kazi. Kifanye kazi mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Kiwe na mtu wa usingizi, kiwe na damu kwenye jokofu, na kando yake pawe na mahali pa kumpokea mtoto aliyekuja kabla ya siku zake. Kuta tunazo, bati tunalo, meza ya upasuaji ipo na taa yake kubwa ipo. Kinachokosekana ni vile vitu ambavyo kiongozi haitwi kuja kuvizindua.

Kituo sikitaji jina, na hospitali ya wilaya niliyopelekwa siitaji pia. Waliokuwa zamu usiku ule walinihudumia kwa moyo wote, na sitaki barua hii ije kuwa fimbo ya kumchapia nesi aliyeachwa peke yake na wodi nzima. Kituo chenyewe mnakijua. Wengine wenu mna kituo cha namna hiyohiyo katani kwenu.

Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tuliozoea kuuita MMAM, na ahadi yake ilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Miaka kumi baadaye, kuanzia 2017, ikaja kazi kubwa ya kuviongezea vituo vya afya vyumba vya upasuaji, vituo zaidi ya 300 nchi nzima. Katani kwetu kazi hiyo tuliifanya kwa mikono yetu. Fedha ziliingia kwa utaratibu wa force akaunti, fundi akapatikana hapahapa, akina baba wakachimba msingi, wanawake tukasomba maji na kokoto. Kwa hiyo jengo lile si la Halmashauri peke yake. Ni letu pia, na tuna haki ya kuuliza linafanya nini usiku wa manane.

Jitihada zile hazikupotea bure, na ningekuwa mwongo nikisema hazikuleta kitu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta akina mama 556 wanafariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukakuta 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Anayekumbuka misiba ya wazazi katika vijiji vyetu anajua maana ya namba hizo. Lakini tafiti hizohizo zina namba nyingine ambayo haisomwi sana majukwaani. Watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 katika kila vizazi hai 1,000 kwa utafiti wa 2015/16. Kwa utafiti wa 2022 walikuwa 24. Akina mama wamefika vituoni kama walivyoambiwa, wengi wao wamerudi nyumbani wazima, na vichanga wameendelea kufa karibu kama zamani.

Sasa niwaeleze yaliyonipata, kwa sababu nadhani usiku mmoja wa mtu mmoja unaweza kuonyesha mahali penyewe palipokatika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa mimba yangu ya pili. Ya kwanza nilijifungua kawaida, bila shida. Kliniki nilihudhuria tangu mwanzo, presha ilikuwa nzuri, damu ilikuwa ya kutosha, na kwa hesabu ya kadi nilikuwa na wiki 31. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa njiti, kwa hiyo mimi nilikuwa bado mbali sana na siku zangu. Hata nguo za mtoto sikuwa nimenunua. Usiku ule, saa tano zimepita, chupa ikapasuka. Mara uchungu ukaanza, na baada ya uchungu ikaja damu. Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Nikamwita jirani, jirani akamwita kijana wa bodaboda, wakanipakia mshikaki, mimi katikati, kanga mbili zimefungwa kiunoni na zote zimelowa.

Nesi mkunga alinipokea mlangoni. Alinipima, akasikiliza mapigo ya mtoto, akasikiliza tena, akampigia daktari simu. Daktari anakaa jirani na kituo na alikuja upesi. Wote wawili waliona jambo lilelile: kondo la nyuma limeanza kuachia, mapigo ya mtoto yanashuka, mtoto atolewe kwa upasuaji. Ilikuwa kabla ya saa saba usiku. Kutoka kwenye kitanda nilichokuwa nimelala, mlango wa thieta unauona kwa macho, ng'ambo ya uwanja mdogo wa kituo. Una kufuli.

Waheshimiwa, daktari alikuwepo, na kupasua anajua. Aliyekosekana alikuwa mtu wa usingizi. Yule aliyekuwepo alihamishwa, na nafasi yake haikujazwa. Nimesikia watu mtaani wakimlaumu daktari kwa kutothubutu, na napenda kumtetea mbele yenu. Ganzi ya mgongoni inaweza kuishusha presha ya mama ghafla. Dawa ya usingizi kamili inaweza kumzuia asipumue. Lazima awepo mtu kichwani kwa mgonjwa ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuangalia pumzi, presha na rangi ya midomo, wakati mwenye kisu anaangalia tumbo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika, ukaonyesha kwamba mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi katika bara letu yuko katika hatari ya kufa mara 50 zaidi ya mwenzake wa nchi tajiri. Kutokwa na damu na matatizo ya usingizi yamo katika sababu zake kubwa. Daktari aliyekataa kunipasua bila mtu wa usingizi na bila damu aliyalinda maisha yangu. Kilichonihatarisha ni kwamba aliachwa mahali ambapo kukataa ndiyo njia pekee ya kufanya kazi yake vizuri.

Wataalamu wa uzazi, tangu makala ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994, huzungumza juu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mimi sikuchelewa nyumbani. Njiani nako nilisaidiwa. Nesi alipiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo ulioanzia Sengerema na Shinyanga na ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mwaka 2022 ili usambae nchi nzima. Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa kwenye safari nyingine, wakamtafuta dereva wa jamii mwenye gari lake, naye akaja. Hakuniomba hela ya mafuta. Ndugu zangu wa kike waliojifungua miaka kumi iliyopita hawakulipata jambo hilo. Wao walichangiwa mafuta na ukoo wakiwa tayari wana uchungu. Nawashukuru wote waliolifanikisha.

Lakini mfumo wa kunisafirisha ulifanya kazi ya kunitoa kwenye thieta moja kunipeleka kwenye thieta nyingine. Nililala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya nesi, makorongo ya barabara yetu mnayajua, na kila gari liliporuka nilisikia damu. Nesi alikuwa amenichoma sindano ya deksamethazoni kabla hatujaondoka, ile ya kukomaza mapafu ya mtoto. Kipimo kamili ni sindano nne, moja kila baada ya saa 12. Mimi nilipata moja. Vitabu vya fani hii hutaja dakika 30 kama kipimo kati ya uamuzi wa upasuaji wa dharura na mtoto kutolewa. Uamuzi wangu ulifanyika kabla ya saa saba. Mwanangu alitolewa adhana ya alfajiri ikisomwa.

Hospitalini walikuwa wamejiandaa, maana simu ilishatangulia. Kulizuka swali la nani atasaini fomu, mume yuko wapi. Daktari wa zamu akalimaliza kwa sentensi moja: "Mwalimu yuko macho na ana akili timamu, atasaini mwenyewe." Nikasaini. Ganzi ikaingia mgongoni. Nakumbuka mhudumu mmoja alizima kiyoyozi na kufunga madirisha. Nilidhani ananionea huruma mimi. Kumbe ilikuwa kwa ajili ya mtoto, kwa sababu chumba anachozaliwa njiti hutakiwa kuwa na joto la kati ya nyuzi 25 na 28. Alitoka bila kulia. Walimpeleka pembeni, wakampa hewa kwa mfuko na barakoa, na mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Kisha akalia, sauti nyembamba sana. Kilo moja na gramu 450. Mimi nikaongezewa chupa mbili za damu.

Amepona. Nalisema mapema ili msome yaliyobaki bila wasiwasi juu yake. Ninayetaka mumfikirie ni mtoto mwingine.

Wodi ya kangaruu ni chumba ambacho nadhani wengi wenu hamjawahi kuingia. Mama hukaa nusu ameegemea, mtoto yuko kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi, amefungwa kwa kanga ili asiteleze. Usiku na mchana. Unakula naye, unalala naye, unakamua maziwa na kumpa kwa kikombe kidogo au kwa mpira wa puani. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwatunza. Mwanzoni ilionekana ni njia ya maskini. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali yao itulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Robo nzima, kwa kifua cha mama, kanga, na wahudumu wanaojua kuangalia. Hakuna dawa mpya hapo ya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Chumbani tulikuwa wengi, na tulijuana kwa majina ya watoto hata kabla hawajapewa majina: wa kilo moja na nusu, wa kilo moja na mia mbili, pacha wa dirishani. Wanawake wa pale walinifundisha mengi kuliko kitabu chochote. Walijua mtoto akianza kubadilika rangi umkune nyayo. Walijua mtoto anayeongeza gramu ishirini ni wa kupigiwa vigelegele, na walipiga kweli, kwa sauti ndogo, kwa sababu wengine walikuwa wamelala.

Kitanda kilichofuata changu aliletwa mama mmoja mkulima kutoka kata nyingine. Yeye kituo chao kilikuwa na mtu wa usingizi. Alipasuliwa kulekule, upasuaji ukaenda vizuri, na mtoto alizaliwa akilia. Alikuwa mdogo kama wangu. Lakini kituo hakikuwa na kona ya watoto wachanga. Hapakuwa na kifaa cha joto, hapakuwa na oksijeni ya mtoto, wala hapakuwa na muuguzi aliyewahi kufundishwa kumweka njiti kifuani. Mama alikuwa bado anashonwa, kwa hiyo mtoto alisafirishwa na shangazi yake, amefungwa kitenge juu ya kitenge. Vitenge vile vingi viliwapa watu moyo kwamba yuko salama. Njiti hana mafuta mwilini ya kumtia joto. Ukimfunika akiwa tayari amepoa, unaufunika ubaridi wake. Alifika mwili umepoa na sukari imeshuka, na hakuumaliza usiku. Mama yake aliletwa siku iliyofuata, akawekwa katika wodi yetu kwa kuwa vitanda vya wodi nyingine vilijaa, akakaa katikati yetu sote wenye watoto vifuani. Hakuna aliyeweza kuongea naye. Maziwa yake yaliingia siku ya tatu.

Ndiyo sababu ombi langu lina sehemu ya mtoto, wala si mtu wa usingizi na damu tu. Thieta inayofanya kazi bila kona ya njiti itamwokoa mama, halafu itamkabidhi maiti.

Mfano wa sindano ile ya deksamethazoni unalieleza jambo hili vizuri zaidi. Dawa hiyo ni ya bei ndogo na imejulikana tangu mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand walipochapisha matokeo yao kuhusu sindano za kundi hilo. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa uliosambaza sindano hizo katika maeneo ya nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, hata mahali ambapo huduma za njiti zilikuwa duni. Vifo vya watoto waliozaliwa wadogo havikupungua, na kwa watoto kwa jumla viliongezeka kidogo. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, Kenya ikiwamo tena, safari hii katika hospitali zenye uwezo wa kumtunza njiti kwa joto, lishe na msaada wa kupumua. Sindano ileile ikaokoa maisha. Kwa hiyo Mganga Mkuu wa Wilaya akiwaletea taarifa kwamba deksamethazoni ipo katika vituo vyote, mshukuruni, kisha mwulizeni nini kinamsubiri mtoto baada ya sindano.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha, na la pili litakuwa kwamba ajira za watumishi wa afya ziko Dodoma, siyo mikononi mwenu. Yote mawili yana ukweli. Mimi ni mtumishi wa umma na najua kibali cha ajira kinavyosubiriwa. Lakini Halmashauri nyingi huajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani, na yetu imewahi kufanya hivyo kwa walimu na wahudumu wa afya. Na si lazima mtu wa usingizi atoke mbali. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi miaka ya 1960, ikawaamini kupasua, na kwa miongo mingi wao ndio waliobeba upasuaji wa uzazi wilayani. Ifakara, katika mkoa wa Morogoro, iliwahi kuendeshwa kozi ya miezi mitatu ya upasuaji wa dharura wa uzazi na ya dawa za usingizi kwa madaktari wasaidizi, matabibu na wauguzi wakunga kutoka vituo vya pembezoni, na waliohitimu walirudi vituoni kwao na kuanzisha huduma hiyo mahali ambapo haikuwapo. Mnao wauguzi katika kituo chetu ambao wameshajenga nyumba hapa, wana watoto katika shule yangu, na hawana nia ya kuhama. Tafuteni wawili kati yao, muwasomeshe usingizi, muwalipie nauli na posho ya masomo. Wawili, kwa sababu mmoja ataugua, atafiwa, atajifungua naye.

Damu ni suala la umeme na la uhamasishaji. Jokofu la damu halivumilii mgao wa umeme, na kituo chetu kina paneli za jua zinazowasha taa za nje tu. Damu yenyewe hutoka kwetu. Sisi walimu tunajua kwamba wanafunzi wa sekondari ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na shule zikifungwa akiba hupungua. Hapo ninyi mna nguvu kuliko daktari yeyote. Diwani akiitisha mkutano wa hadhara, akatangulia yeye kunyoosha mkono wake, watu watamfuata. Fanyeni hivyo Juni na Desemba, wanafunzi wakiwa likizo.

Kwa upande wa wahudumu, tunao ushahidi wa nyumbani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliongoza mpango wa uzazi salama katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 baada ya kuwafuatilia mama na watoto takriban 300,000. Wauguzi walipewa vifaa vya kusikiliza mapigo ya mtoto na mwanasesere wa kufanyia mazoezi ya kumpa hewa, wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Vya akina mama vilipungua kwa karibu asilimia 75. Nesi aliyenisindikiza alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na bado aliniambia ndani ya gari kwamba mara ya mwisho kufundishwa kumpa kichanga hewa ilikuwa chuoni.

Kuna jambo dogo ambalo halihitaji kasma, nalo ni maneno yenu mbele ya watu. Katika vijiji vyetu bado inasemwa kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Kinyume chake ndicho kweli: kila wiki anayoongeza tumboni inamwongezea nafasi ya kuishi. Imani hiyo humfanya mama wa miezi minane akate tamaa mapema, na humfanya wa miezi saba akae nyumbani akiamini mambo ni salama. Bado inasemwa pia kwamba aliyepasuliwa hakuzaa. Mama aliyetolewa mtoto kwa kisu asubuhi ile, akaanza kumkamulia maziwa jioni na mshono wake unawaka, amezaa. Mkilisema ninyi kwenye mkutano, shemeji na mawifi watalisikia kuliko nikilisema mimi.

Mimi nilipata likizo, na mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda. Ni hatua ya haki, na waliopigania miaka mingi mpaka ikafikiwa wanastahili shukrani. Mkulima wa kitanda jirani hana mwajiri wa kumwongezea siku. Yeye alirudi kwa miguu yake hadi kituo cha basi, mshono haujakauka, na shamba lilikuwa linamngoja palizi.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie kwenye taarifa ya kila robo mwaka, pale Kamati ya Elimu, Afya na Maji inapoketi. Tusiambiwe tena idadi ya majengo. Tuambiwe ni saa ngapi katika robo ile thieta ya kila kituo haikuweza kumpokea mama, na kwa sababu gani: mtu, damu, umeme au dawa. Tuambiwe ni akina mama wangapi walipewa rufaa kutoka kwenye kituo chenye thieta. Tuambiwe njiti wangapi walifika hospitali ya wilaya wakiwa wamepoa. Mapitio ya vifo vya akina mama na vichanga yanafanyika tayari kwa mujibu wa mwongozo wa Wizara, na kumbukumbu zipo. Hazihitaji kutaja jina la mgonjwa wala la mhudumu. Zinahitaji kufika mezani kwenu na kusomwa kwa sauti.

Baraza lenu hukutana wazi, na wananchi tunaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Siku ya bajeti nitakuja, na baadhi ya wanawake wa wodi ya kangaruu wameahidi kuja nami. Tutakaa viti vya nyuma na hatutapiga kelele. Tunataka kusikia majina ya wauguzi wawili watakaopelekwa kusomea usingizi, mwezi watakaoondoka, na kasma itakayowalipia.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya msingi na mama wa mtoto njiti,
mkazi wa wilaya yenu